Msokoto Mzima wa Tumbaku

Jumatatu, 2 Juni 1975. Chuno, Mtwara.

Mwaka wa thelathini na sita tangu nivuke Ruvuma. Nilikuja na suruali moja na kiko cha marehemu baba. Suruali ilikwisha. Kiko kipo.

Leo nimejaribu tumbaku ya Iringa peke yake, ile inayokaushwa kwa mvuke. Rangi ya dhahabu, nyepesi mkononi. Mwanzoni tamu. Katikati ya kiko utamu unakwisha, unabaki moto mtupu. Inachoma ncha ya ulimi. Jivu jeupe. Baada ya hapo haina la kusema.

Kazi hii naifanya kwa sababu moja. Natafuta tumbaku ya nyumbani, kule ng'ambo ya mto, uwandani upande wa Nangade. Mama aliipanda nyuma ya jiko, penye jivu na mavi ya mbuzi. Dada yangu Filomena aliisuka na kuitundika juu ya moto. Tangu pale sijaikuta ladha ile. Ukarani wa katani, ukarani wa bandari, kisha kustaafu, na muda wote huo nachanganya na kuvuta, nachanganya na kuvuta. Mke wangu anasema ningemtafuta Mungu kwa bidii hiyo, sasa ningekuwa askofu.

Alhamisi, 5 Juni

Ya Songea, ya moshi. Nyeusi, inanata vidoleni. Harufu ya nyama iliyokaushwa. Imenishika kifua, nimekohoa hadi machozi. Lakini ule ukali wa nyuma ya koo nimeutambua. Huo ni upande mmoja wa ninachokitafuta.

Nimechanganya: mafungu mawili ya Iringa, moja la Songea. Bado. Nimeinyunyizia maji ya asali, nikaifungia koponi na kipande cha kiazi isikauke. Iachwe ilale.

Jumamosi, 7 Juni

Dukani kwa Gulamu, Mhindi ninayenunua kwake tangu baba yake alipokuwa na duka Mikindani. Alitoa chini ya meza kopo la tumbaku ya Kiingereza, la mwisho. Makopo hayo hayaji tena. Yeye havuti, hunusa tu, na pua yake ni nzuri kuliko yangu. Kwa hilo namwonea wivu.

"Mzee, wewe huvuti tumbaku," aliniambia. "Wewe unaitahini. Na kila mwaka inafeli." Akacheka mpaka miwani ikateleza.

Kisha akauliza wanachouliza wote mwezi huu. "Na wewe, kwenu unarudi lini?"

Nilisema tutaona. Jibu la mtu asiyetaka kuona. Hapa Chuno majirani wawili wameshang'oa mabati yao. Mreno anaondoka, watu wa ng'ambo wanafunga mizigo. Mimi nanunua tumbaku.

Jumamosi, 14 Juni

Kopo la Kiingereza. Kutu ukingoni, ndani salama. Imekatwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Harufu ya zabibu kavu, na kwa mbali sabuni. Tumbaku yenye adabu. Haichomi, haikasiriki. Nimevuta kiko kizima bila kumkumbuka mtu yeyote.

Nimetia konzi yake kwenye ule mchanganyiko wa asali. Mara hii nimeshtuka. Laini, ina kina, na ule ukali wa nyuma upo, lakini umefugwa. Huu ni bora kuliko yote niliyowahi kuchanganya. Nimekaribia. Nimekaribia nini, sina hakika. Ladha ninayoilinganisha nayo niliionja kwa ulimi wa kijana.

Alhamisi, 19 Juni

Amekuja Anastasi, mtoto wa Filomena. Sijawahi kumwona maishani. Mtu mzima, ana mvi kidevuni na kovu shavuni. La vita, nadhani. Sikuuliza. Ana mdomo wa mama yangu.

Alikaa mkekani. Akaweka mbele yangu kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akaanza salamu kama zinavyotakiwa kwetu: mji kwa mji, walio hai kwanza, kisha waliokufa. Harufu ilinifikia kabla ya jina la kwanza. Nilifungua. Msokoto mzima wa tumbaku, mnene kama kifundo cha mkono, umesukwa kwa namna ambayo ni Filomena peke yake aliyeijua. Nilichukua kisu. Nikakata. Nilijaza kiko na kuwasha, naye bado anataja majina.

Aliyakatisha majina. Kisha akapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa, kama tunavyowafanyia wakubwa.

"Basi, njomba," alisema. Hivyo ndivyo tunavyomwita kaka wa mama. "Maneno yamekwisha."

Nikacheka naye. Sikujua nacheka nini.

Ladha sikuisikia. Nilikuwa nalia. Nitaionja vizuri siku nyingine.

Ijumaa, 20 Juni

Mjinga. Mzee wa vitabu, mjinga.

Wakati wa chai Anastasi aliniuliza kama napenda mlango utazame mashariki. Nikamuuliza mlango wa nyumba gani.

"Yako, njomba. Mama ameshapima kiwanja."

Nikaweka kikombe chini.

Katika ukoo wetu tumbaku iliyokwisha kukatwa ni zawadi tu. Msokoto mzima ulioletwa na mtoto wa dada ni swali: njoo utushike. Aliyeletewa anautundika juu ya mlango na kufikiri kwa siku zake. Akikataa anaurudisha mzima, na hakuna anayenuna. Akiukata mbele ya mjumbe na kuuvuta, amekubali. Halisemwi neno. Nilijua haya kabla sijajua kusoma. Lakini miaka yote hii, tumbaku ikiwekwa mbele yangu, nakata, nanusa, nawasha. Sikuona swali. Niliona sampuli.

Wanachotaka ni hiki. Mjomba wetu mkubwa alikufa vitani. Ukoo ulitawanyika porini, sasa unarudi mahali pa zamani, na hauna mwanamume mkubwa wa tumbo la mama yetu. Hakuna wa kusema kwenye posa za mabinti. Hakuna wa kugawa mashamba. Hakuna wa kumwaga unga makaburini. Nimebaki mimi. Nami, kwa kisu changu mwenyewe, nimesema ndiyo.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa akichagua mchele. Hakuacha.

"Kwa hiyo umewaambia unakwenda, Baba Tekla."

"Sikuwaambia chochote."

"Umekata?"

"Nimekata."

"Basi umewaambia."

Yeye ni Mmakonde wa Mpapura. Kwake hakuna cha kueleza. Baadaye alisema mikorosho ya Mpapura ni ya mama yake, na kaburi la mama yake liko chini ya mikorosho ile, na yeye haendi kuwa mgeni uzeeni. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Ugeni naujua. Siku Tekla binti yetu alipoposwa, kaka za mke wangu ndio waliozungumza. Mimi baba nilikaa pembeni nikitabasamu. Ndivyo ilivyo kwa watu wetu. Watoto ni wa wajomba zao. Hapa mimi ni mume wa mtu, nimetendewa vizuri, sina malalamiko. Kule ningekuwa yule anayesubiriwa aseme. Tangu nivuke mto sijawahi kuitwa na mtu. Sasa naitwa, na naona aibu kwa jinsi ninavyopenda kuitwa.

Jumatano, 25 Juni

Redio tangu asubuhi. Bendera mpya ng'ambo, uhuru. Ngoma Chuno nzima. Anastasi amecheza mpaka shati limemgandia mgongoni. Watu wasionijua wamenishika mkono na kunipongeza, kana kwamba nilipigana. Sikupigana. Nilihesabu marobota ya katani.

Sikuvuta leo.

Jumamosi, 28 Juni

Anastasi ameondoka. Nilimsindikiza hadi kwenye malori. Njia nzima nilikuwa na sentensi moja kinywani, na sikuitoa. Nilizunguka. Nilimuuliza kama mtu aliyekata msokoto kwa bahati mbaya anaweza kuurudisha. Akadhani namtania.

"Njomba, iliyokatwa haishonwi."

Kimakonde changu kimemfurahisha. Anasema nazungumza kama marehemu. Hakukusudia vibaya. Ni kweli, maneno yangu ni ya watu waliokwisha kuzikwa. Nitaamuaje kesi ya shamba kwa maneno hayo? Watanisikiliza kwa heshima, halafu nikitoka wataamua upya.

Lori lilinguruma. Alipunga mkono juu ya magunia. "Namwambia mama unakuja kabla ya mvua!"

Nikampungia. Mkono ule nao ulisema uongo.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimeionja. Nimeitunza koponi mwake, mbali na nyingine zote. Kiko kimesafishwa, kinywa kimesukutuliwa, sijala kitu. Kwanza yake Filomena, kisha mchanganyiko wangu, kwa kulinganisha.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Si nzuri. Chachu mwanzoni. Kali bila mpango. Moshi wa jikoni umezidi. Inazimikazimika, maana imesukwa majani yakiwa mabichi, unyevu umebaki moyoni mwa msokoto. Ni kasoro ya msukaji, si ya jani. Nimewasha mara nyingi kuliko inavyofaa.

Katikati, pumzi mbili tatu, ilikuja yenyewe. Hapana shaka. Ndiyo ile, ya nyuma ya jiko, ya mama. Niliitambua kama mtu anavyotambua sauti ya ndugu yake sokoni.

Na sikuipenda.

Niliwasha ya kwangu, nikapata raha mara moja. Kifua kikafunguka, ulimi ukatulia. Nimeketi na jambo hilo mpaka giza likaingia. Nilidhani natafuta ile. Kila konzi ya Iringa, kila tone la asali, nilikuwa najisogeza mbali nayo, na nikauita mwendo huo kurudi.

Alhamisi, 31 Julai

Mke wangu ameshona vifungo vya koti langu la safari. Hajauliza siku. Nikimwangalia anaangalia sindano.

Naamka na jibu la kwenda, nalala na jibu la kubaki. Jioni natembea Shangani hadi miguu iume, ili nisikae nyumbani na koti lile.

Ningeweza kutuma neno. Malori yanakwenda kila wiki. Nimetunga neno hilo mara nyingi, kwa Kiswahili kizuri. Halijatoka. Kule kuna watu wanaofyatua matofali kwa ajili yangu. Kila siku ninayonyamaza ukuta unapanda. Hilo nalijua na bado nanyamaza. Woga. Hauna jina jingine.

Jumatatu, 18 Agosti

Dereva wa lori amekuja mpaka mlangoni. Filomena anakuja mwenyewe. Jumamosi atakuwa kwenye kivuko cha Kitaya, upande wetu, anataka kuniona. Kwa magoti yake mabovu, dereva alisema, alipandishwa lorini kama gunia.

Niliuliza kama alisema kwa nini anakuja.

"Mzee, mimi ni dereva. Alisema njoo."

Mke wangu alisikia yote kutoka jikoni. Akasema, "Mchukulie sukari." Basi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimerudi. Naandika kabla ya kula.

Maji ya Ruvuma yamepungua, mchanga mweupe mpana pande zote mbili. Alikuwa ameketi juu ya kitambaa, Anastasi amesimama nyuma yake. Mwanamke mdogo, mkavu. Nilimwacha akiwa na nguvu za kubeba gogo. Nilipiga magoti mchangani kumsalimu. Alinishika masikio yote mawili, akaniangalia.

"Umekuwa mfupi," alisema.

Salamu zilichukua muda. Mara hii nilizisikiliza zote. Wengi waliotajwa walikuwa upande wa waliokufa. Mmoja mmoja nilimwitikia.

Kisha akatoa kiko chake. "Nipe tumbaku. Nasikia kwa Waswahili wewe ni bingwa."

Nilimpa mchanganyiko wangu. Alishindilia kwa dole gumba, akawasha, akavuta. Akasita. Akanitazama.

"Umeweka asali."

"Nimeweka, dada."

"Asali, jamani! Mtu mzima." Akamgeukia mwanawe. "Anastasi, mjomba wako anavuta uji."

Anastasi alicheka mpaka akachuchumaa. Nami nilicheka. Tulicheka watatu kama watu waliolala nyumba moja. Sijacheka hivyo kwa miaka.

Lakini hakuikung'uta. Alivuta kiko chote hadi jivu. Nilimngoja kama mwanafunzi.

"Tamu," alisema mwishoni. "Hii ni tumbaku ya mtu aliyekwisha kukaa mahali."



"Mwanangu huyu alirudi akiimba. Njomba amekata! Nikamuuliza alikata lini. Akasema hata salamu zilikuwa hazijaisha. Nikajua. Anayekubali hana haraka. Wewe ulikata kwa njaa."

"Nilikata kwa njaa, dada."

"Nilisema labda nimekosea. Nimekuja nikiomba njia nzima niwe nimekosea. Haya, niambie kwa mdomo."

Anastasi aliacha kucheka. Alikuwa hajui. Uso wake ndio sitausahau, kuliko hata wa dada yangu. Nilitazama mchanga. Nikasema siji. Sikutaja mke, sikutaja kifua, wala mikorosho. Sababu nilikuwa nazo nyingi, na kila moja ingekuwa tusi.

Dada akakung'uta kiko juu ya kiatu changu, taratibu.

"Msokoto mwingine utakwenda kwa mtoto wa mama mdogo, yule wa Newala," alisema. "Yule havuti. Angalau atautundika."

Ulikuwa utani. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa nimekwenda na kilichobaki cha msokoto wake. Nilimnyooshea. Nilifikiri ni haki. Aliusukuma kwangu, na hapo ndipo nilipoona vidole. Vimepinda kuelekea ndani kama kucha za ndege. Niliuliza ni nani siku hizi anayemsukia.

"Nani? Mimi. Huo ulinimaliza mwezi mzima. Majani yakikauka siwezi kuyakunja tena, ndiyo maana nasuka yakiwa mabichi. Nisamehe kama ulikuwa unazima."

Nilisema haukuzima hata mara moja.

Nimefungua ukurasa wa tarehe nane Julai. Kasoro ya msukaji, niliandika. Kwa mwandiko mzuri.

Anastasi alimbeba hadi kwenye mtumbwi. Hakuniaga. Yeye Filomena aliniaga, kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua. Sikuwa nimelisikia tangu nivuke. Sitalisikia tena.

Jumapili, 31 Agosti

Tumekuwa Mpapura tangu Jumanne, kupalilia chini ya mikorosho kabla haijachanua. Mke wangu mbele na jembe, mimi nyuma nakusanya majani. Shemeji zangu wamenipa kazi nyepesi, kwa heshima. Hewa nzuri. Usiku kuna baridi kidogo.

Koti la safari sijui ameliweka wapi. Sijauliza.

Leo mchana alinikuta nimeketi na kiko kisichowashwa. Aliketi karibu, akanyoosha miguu. Akauliza dada yangu anafananaje. Nilimwambia: mdogo, mkavu, mcheshi. Akasema angependa kumwona. Nikasema ndiyo.

Yule ndugu wa Newala ameletewa msokoto wake. Ameutundika juu ya mlango, anafikiri. Watu wanasema atakwenda. Ni mtu mwema, nadhani ataamua vizuri.

Mimi sitarudi kwetu.